Wavu wa Babu

Zamani, kiangazi kilipokausha nyasi za Mbagala, wazee wa Kizaramo walitoka alfajiri pamoja na wana wao, nyavu na mbwa (waliofukuzwa mlangoni, porini wakaheshimiwa), kusaka paa. Mwana mdogo alishika kisu: amuwahi mnyama angali hai, apige bismillahi, achinje. Kuchelewa kulikuwa aibu kuliko kukosa, kwani mzoga hauliwi. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini hadi 1978. Mji nao ukatambaa, ukala pori.

Hata leo, nyasi zikikauka, mzee mmoja wa Temeke huutungua wavu darini, akaukagua jicho kwa jicho pamoja na mjukuuwe. Mtoto huuliza, “Babu, utanasa nini?” Mzee hajibu, humtia kisu mkononi, akamfundisha pa kuchinja.