Safari ya Hatta na Tairi la Akiba



Wasomaji wetu watukufu, kila joto linapoanza kupungua, familia zetu hapa Dubai hushikwa na hamu ya kutoka mjini. Wengi huelekea Hatta, mji mdogo uliokumbatiwa na milima ya Hajar, kiasi cha kilomita 130 kutoka Dubai. Huko upo msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1780, ipo ngome ya mwaka 1896, na lipo bwawa lililotulia baina ya majabali.

Nasi tulikwenda, familia mbili katika magari mawili, watu kumi na mmoja, pamoja na bibi yetu aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Pilau, mikeka, birika la kahawa, vyote vilipangwa tangu usiku. Tairi hakuna aliyeyatazama.

Njiani tulisimama Lahbab, penye matuta ya mchanga mwekundu, na kwa ajili ya watoto tukayaingiza magari mchangani. Tulikuwa tumekwisha kusikia kwamba tairi gumu huzama, kwa hiyo tukapunguza upepo hadi paundi 15. Ni kweli: tairi laini hutandaza unyayo wake, uzito ukagawanyika, na gari likapita juu ya mchanga. Lakini hatukuwa na pampu ya kuurudisha upepo ule. Tukasema tutajaza mbele, penye kituo cha petroli. Mazungumzo yakanoga, lami ikatudanganya, mwendo ukazidi.

Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukunjika ubavuni kila linapozunguka. Kukunjika huko huzaa joto, na joto huudhoofisha mpira. Saa sita na nusu mchana tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba. Dereva wetu hakukanyaga breki kwa ghafla. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, hadi gari likasimama pembeni. Alhamdulillahi.

Tukalitoa tairi la akiba, nalo lilikuwa laini kama mkate wa kumimina. Tairi la akiba la gari la pili lilikuwa na matundu ya nati yasiyolingana na yetu. Jeki ikazama mchangani. Kivuli hakikuwapo ila cha magari yenyewe, na maji yaliyobaki yalikuwa chupa nne. Bibi akatutazama, akasema: "Wanangu, mmebeba masufuria matatu, maji hamkubeba?" Hatukuwa na jibu. Tulitayamamu, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, ili maji yale yabaki kuwa ya kunywa.

Baadaye alisimama mzee mmoja wa Kibalushi mwenye pikapu. Aliweka kipande cha ubao chini ya jeki, akaunga pampu ndogo kwenye betri, akalijaza tairi letu la akiba. Tulipompa fedha alikataa. Alituomba dua tu.

Ndugu zetu, tunayaandika haya kwa sababu Dubai hutughuri. Minara ya mji bado tunaiona nyuma yetu, nasi tumekwisha kufika mahali ambapo saa mbili za jua zinaweza kumdhuru mzee au mtoto mchanga. Basi kabla ya safari, pimeni upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi, na tairi la akiba lisisahauliwe. Tazameni tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni mwake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka mitano msilitegemee katika joto la huku, hata kama kashata zake bado nzima. Jaribuni spana nyumbani muone kama nati zinafunguka. Chukueni ubao, pampu, kipimo cha upepo, na maji lita tano kwa kila mtu. Mkitoka mchangani, jazeni upepo kabla ya kushika lami. Penye mawe makali ya mabondeni, msilegeze tairi kupita kiasi, kwani ubavu uliochanika hauzibiki kama pancha ya kawaida. Mwambieni aliyebaki nyumbani njia mtakayopita na saa ya kurudi. Mkikwama, msiliache gari mkaenda kwa miguu. Pigeni 999 mngojee.

Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Ngamia wetu wa leo ana miguu minne na wa tano wa akiba, na ule wa tano ndio tunaousahau.

Pampu tumekwisha kuinunua. Imewafaa wasafiri wawili hadi sasa, na kila mara tumeomba malipo yale yale aliyoyaomba mzee yule.

Wabillahi tawfiq.