Usiguse Breki ya Mbele

Nduthi nyingi za mtaani kwetu zina breki ya mbele ambayo hakuna mtu huishika. Ipo, leva yake inang'aa, lakini kazi yake ni kama ya mlango wa dharura kwa matatu: unajua uko hapo, na unaomba usiwahi kuuhitaji. Mwendesha boda atakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi ilie, huku mkono wake wa kulia umelala tu kwa mafuta. Muulize kwa nini, atakujibu bila kufikiria: "Hiyo itakurusha."

Mimi pia nililelewa na hiyo sentensi. Niliipata kwa anko wangu, ndugu ya mama, aliyekuwa afisa wa mifugo Laikipia kwa zaidi ya miaka ishirini. Alizunguka boma hadi boma akichanja ng'ombe, sanduku la chanjo limefungwa nyuma ya Honda CG125 nyekundu. Aliponiachia hiyo pikipiki, alinipa pamoja na masharti mawili. La kwanza, iwe original, isikatwe wala kuchomelewa chochote. La pili, usiguse breki ya mbele.

CG si pikipiki ya kuringia. Honda waliiunda miaka ya sabini kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako nduthi inabeba mzigo kuliko ilivyokusudiwa na oili inabadilishwa pesa ikipatikana. Injini yake ni rahisi kwa makusudi. Ndiyo maana viwanda vya China viliinakili baadaye, na ndiyo maana ukifungua baadhi ya nduthi za Kichina za boda Nairobi, utakuta ndani mjukuu wa injini ya anko wangu. Hilo la ukoo lilikuja kunisaidia, nitalifikia.

Shida ilikuwa mbele. Breki yake ya mbele ni ya dramu: shuu mbili zimefichwa ndani ya habu, ukivuta leva kebo inazitanua, zinasugua ukuta wa ndani. Kwa mwendo wa Laikipia ilitosha. Lakini mimi naishi karibu na Outering Road, na kila asubuhi ninapompeleka mdogo wangu shule kabla sijaanza kuandika, ninaye nyuma, na begi lake, na helmeti aliyoipamba kwa stika. Siku moja matatu mbele yetu ilisimama katikati ya barabara kuchukua abiria. Nilikanyaga ya nyuma, tairi ikafunga na kuanza kuteleza kushoto. Nilivuta ya mbele, leva ikaja hadi kwa mshikio, na pikipiki ikaendelea kwenda kana kwamba sijasema kitu. Tuliponea kwenye nafasi iliyokuwa kati ya matatu na ukingo wa barabara. Mdogo wangu hakusema neno mpaka shuleni. Alishuka, akanyoosha sketi, akauliza, "Kesho naweza kwenda na matatu?"

Jioni hiyo nilitoa daftari langu la chuo. Nilisoma uhandisi mwaka mmoja na nusu kabla karo haijakata, na kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo ni tabia ya kuchora mishale ya nguvu kwa karatasi kabla ya kuamini mtu. Mishale ilisema hivi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito unasogea mbele. Shoki za mbele zinabonyea, tairi ya mbele inagandamizwa kwa lami, na ya nyuma inabaki nyepesi. Tairi nyepesi haina cha kushikilia. Ukiikaba inateleza tu. Kwa lami kavu, basi, kazi kubwa ya kusimamisha nduthi ni ya mbele, hata ukiwa umebeba mtu. Na kuna hesabu nyingine isiyohurumia mtu: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kumeza inaongezeka mara nne. Breki iliyotosha kwa 30 haiwi nusu-nusu kwa 60. Inazidiwa kabisa.

Kwa hivyo nilianza na vitu vya bei ya chini, kwa sababu mwandishi wa kujitegemea huanza hapo kwa kila kitu. Nilinunua kebo mpya. Ya zamani ilikuwa inanyooka kama lastiki kabla ya kuvuta chochote. Nikaweka shuu mpya na kusafisha vumbi ndani ya dramu kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa kupuliza, maana hilo vumbi si la kuvuta kifuani. Nikarekebisha kile kimkono kinachovutwa na kebo pale kwa habu, ili breki inapouma kiwe karibu mraba na kebo. Kikiwa kimepita hapo, nguvu ya vidole vyako inapotea njiani. Kama una nduthi ya zamani na huna pesa, fanya haya kwanza. Tofauti niliisikia siku hiyohiyo.

Lakini haikutosha. Dramu ina ugonjwa ambao shuu mpya haziwezi kuuponya. Ikipata moto, chuma chake hutanuka na kukimbia shuu, kwa hivyo kadiri unavyoihitaji ndivyo leva inavyozidi kuja karibu na mshikio. Mteremko mmoja mrefu na mtu nyuma, na umeanza kuikosa. Maji yakiingia ndani hayana haraka ya kutoka. Diski iko nje kwenye upepo, ikipata moto inavimba kuelekea kwa pedi, na inajifuta maji kila inapozunguka. Honda wenyewe walilijua hili mapema. Mwaka wa 1969 walitoa CB750 ikiwa na diski mbele, wakati dramu bado ilikuwa kawaida kwa pikipiki za kununuliwa dukani.

Hapo ndipo ukoo ulinisaidia. Sikuhitaji kuagiza chochote Japani. Nilishuka Kirinyaga Road, ile wazee bado huita Grogan, nikiwa na kipimo cha mkono na picha kwa simu. Nilikuwa natafuta uso mzima wa nduthi ya Kichina ya ukoo wa CG: shoki mbili, kile chuma kinachozishika pamoja juu na chini, gurudumu la inchi 18 lenye diski, kalipa, hosi na masta silinda ya kwa mshikio. Kununua zikiwa seti moja ni muhimu. Ukichanganya shoki za huku na gurudumu la kule, utatumia mwezi kutafuta spesa za kulikalisha katikati. Nilipata seti ya nduthi iliyogongwa nyuma. Nilizungusha kila shoki kwa kioo cha duka kuona kama imepinda, nikazungusha diski kuona kama inayumba. Elfu nane mia tano, baada ya kubishana.

Fundi wangu yuko Kariobangi Light Industries. Ni mtu wa maneno machache na redio kubwa. Tulipoweka chuma cha zamani na kipya kando kwa kando, ile nguzo inayopita ndani ya shingo ya fremu ilikuwa na urefu tofauti kidogo. "Tukate fremu?" aliuliza.

"Fremu haikatwi, boss. Ni ya anko."

Akacheka, akabeba beringi na nguzo hadi kwa jamaa wa mashine ya kukerezea pale jirani, akarudi na ringi ndogo ya chuma iliyokaa kama ilizaliwa hapo. Hakuna kilichochomelewa. Kila kitu cha zamani, hata nati, nilikitia kwa gunia.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ya mafuta ya breki. Kwa dramu, nguvu ya vidole inasafiri kwa kebo. Kwa diski, inasafiri kwa maji-maji ambayo hayabonyei, na hapa ndipo Blaise Pascal, aliyekufa 1662, anakuja kufanya kazi Kariobangi. Kama pistoni ya kwa mkono ina upana wa milimita 12 na ya kwa kalipa ina 30, nguvu inaongezeka zaidi ya mara sita kati ya hapo, bila mtu kuongeza jasho. Ndiyo maana masta isibadilishwe ovyo: ukiweka yenye pistoni nene ukidhani ni nguvu zaidi, leva inakuwa ngumu na breki dhaifu. Nilimchorea fundi hesabu hiyo kwa vumbi la benchi. Aliiangalia, akasema alikuwa anajua leva zingine huwa ngumu, ila hakuwahi kuambiwa kwa nini. Katika mwaka na nusu wa chuo, sikumbuki siku niliyojisikia mwanafunzi kama siku hiyo.

Kisha tukatoa hewa. Hewa inabonyea, na tone moja tu linafanya leva iwe kama sponji. Unavuta leva, unafungua nati ndogo ya kwa kalipa, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndipo unaachilia. Unarudia mpaka mapovu yaishe, ukijaza juu usiiache ikauke. Tulitumia DOT 4 ya chupa mpya, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema. Na usiyamwage kwa rangi. Yanaitafuna.

Wiki mbili baadaye Anko alikuja Nairobi kwa kliniki yake ya macho. Aliizunguka CG mara moja, akasimama mbele.

"Na breki yangu?"

"Iko kwa gunia, Anko, chini ya kitanda. Fremu haijaguswa. Siku yoyote ukitaka inarudi."

Alivuta leva, akaachilia, akavuta tena. "Ningekuwa na hii kule, ningevunjika shingo."

Na alikuwa anasema ukweli. Kwa murram yenye kokoto, tairi ya mbele ikifunga hakuna muda wa kuomba msamaha, uko chini. Amri yake ilimrudisha nyumbani mzima miaka ishirini na ushee. Alikuwa sahihi kwa barabara yake. Kisha lami ikaja, nduthi zikajaa mjini baada ya serikali kuziondolea VAT zile ndogo 2008, na amri ya murram ikapanda lami bila mtu kuiuliza kitambulisho. Sasa tunaifundishana stejini kama sheria ya trafiki.

Anko aliomba kuijaribu. Alienda hadi mwisho wa barabara ya mtaa, akageuka, akarudi kwa mwendo wa heshima. Alipofika kwa geti nikasikia sauti ninayoijua: tairi ya nyuma ikiburuza. Diski mpya ya mbele hakuigusa.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimebadilisha nusu tu. Hata mimi, siku tatu za kwanza, mguu ulikuwa unafika kabla ya vidole. Nilienda kwa uwanja wa lami usio na magari Jumapili asubuhi, nikafanya hivi: nduthi imenyooka, mwendo wa 20, vidole viwili, unabana leva polepole kama unayekamua ndimu, si kwa kunyakua, huku ya nyuma ikisaidia kidogo. Halafu 30. Halafu 40. Shoki zinainama, uzito unakuja mbele, na unahisi tairi ikishika. Ukiwa umelala kwa kona, au kwa mchanga, ama kwa mvua ya kwanza inayoelea na oili, mkono unakuwa mwepesi zaidi. Amri ya Anko bado ina mahali pake.

Jumla nilitumia kama elfu kumi na tatu. Lakini nduthi nyingi zinazopita nje nikiandika hii tayari zina breki nzuri mbele, imelipiwa, imefungwa, na haijawahi kushikwa. Wenyewe hawahitaji Kirinyaga Road. Wanahitaji uwanja mtupu na saa moja ya Jumapili.

Mdogo wangu alipanda matatu kwa wiki tatu. Jumatatu iliyopita alikuja na helmeti mkononi, akauliza kama hiyo breki ni ile mpya, na akataka nimwonyeshe ikisimama kabla hajapanda. Nilimwonyesha mara nne.