Baisikeli ya Chuma na Fundi Wake

Baisikeli iuzwayo dukani haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Bomani. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu ye yote, na nguo iliyoshonwa kwa mtu ye yote huwa humpwaya mmoja na kumbana mwingine. Phoenix itokayo Shanghai hufika Tarime ikiwa na umbo lile lile ililonalo popote: magurudumu makubwa, fremu ndefu ya mabomba ya chuma, na breki zinazovutwa kwa fito. Umbo hilo ni la zamani sana. Asili yake ni baisikeli aliyoiunda John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la kutiwa upepo, na tangu hapo mifupa ya mpandaji ikapata nafuu.

Umbo hilo la kale lina hekima yake. Uma wake wa mbele umelala kidogo, na magurudumu yake yako mbali mbali. Kwa hiyo shimo la barabara halimpigi mpandaji kwa ghafula. Ni chombo cha mtu asiye na haraka. Tena kwa kuwa ni cha chuma, chaweza kutengenezwa. Chuma kikipinda hunyoshwa, kikipasuka huungwa, nayo fito ikiwa fupi hurefushwa. Ndiyo maana fundi mwenye nyundo, tupa na spana chache, akikaa chini ya mti kando ya njia, aweza kuibadili baisikeli ya mtu ye yote ikawa ya mtu mmoja.

Mfano wake ni mzee mkulima wa Bomani, mwenye binti aliyeolewa Musoma. Hataki kushindana na mtu. Ataka kuondoka alfajiri, aende polepole, apumzike njiani, na afike magongo ya magoti yake yakiwa bado yanakunjika. Mtu kama huyo akifika kwa fundi mwema, fundi hashiki spana kwanza. Humwambia apande, naye amtazame.

Kipimo cha kiti ni rahisi, na kila mtoto aweza kukijaribu. Mpandaji aketi, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu na unyoke. Kisha akanyage kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litakunjika kidogo, kama itakiwavyo. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma kabla ya safari kufika nusu. Usukani nao huinuliwa mpaka ulingane na kiti au ukipite kidogo, ili mgongo usimame na mikono isibebe uzito wa mwili. Lakini hapo mafundi wengi wachanga hukosea. Katika baisikeli ya breki za fito, ukiinua usukani umeinua na fito zake. Breki hushika gurudumu zenyewe, na mwenye baisikeli hudhani amepungukiwa na nguvu. Yafaa fito zilegezwe na kupimwa upya. Wala shina la usukani lisivutwe mpaka sehemu iliyobaki ndani ikawa fupi, kwani siku moja litang'oka mkononi.

Halafu ni vilima. Kutoka Bomani njia hupanda na kushuka, na baisikeli ya dukani ina mwendo mmoja tu. Mara nyingi gurudumu la meno lililo kwenye pedali lina meno 44, na lile la nyuma 18. Tairi la ukubwa wa inchi 28 likizunguka mara moja huenda mita 2 na robo hivi. Msomaji na ahesabu mwenyewe: pedali zikizunguka mara moja, baisikeli huenda karibu mita 5 na nusu. Hiyo ni hatua ndefu mno kwa mzee apandaye kilima. Fundi akifunga la nyuma lenye meno 22, na kuongeza pingili mbili katika mnyororo, hatua hupungua kuwa mita 4 na nusu. Kwenye tambarare mzee atapitwa na vijana. Kilimani hatashuka upesi kusukuma.

Vijana hucheka jambo hili, na si wao wa kwanza. Huko Saint-Étienne, Ufaransa, Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufa mwaka 1930, alihubiri maisha yake yote kwamba msafiri awe na mwendo wa kilimani na mwendo wa tambarare, abadilishe apendavyo. Waliopenda mashindano waliona ni udhaifu. Mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa hayakuruhusu chombo cha kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937.

Keria, yaani kile chuma cha nyuma cha kuchukulia mizigo, ndiyo fahari ya mafundi wa nchi hizi. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 watu waliwekea keria mto laini wakavusha abiria toka mpaka huu hadi huu, na jina la bodaboda likazaliwa. Siku hizi abiria wamekwenda kwenye pikipiki. Keria imebaki na mizigo, nayo huimarishwa kwa nondo. Fundi mwenye akili huifunga kwa bolti karibu na ekseli ya nyuma. Haichomei kwenye bomba la fremu, maana ukuta wa bomba ni mwembamba, na moto mwingi huudhoofisha pale pale panapobeba.

Basi mzee aliposikia hesabu ya yote, akahesabu fedha zake.

"Fundi, hazifiki. Nifungie kiti, meno ya kilimani na keria. Breki zingoje mavuno."

"Mzee wangu, heri keria ingoje."

"Nimpelekee binti yangu mikono mitupu? Nimemwekea mkungu wa ndizi."

"Ndizi zaweza kwenda kwa basi, mzee. Wewe waenda Kirumi."

Mzee akanyamaza, kwani alikijua kilichosemwa. Tarime iko juu vilimani, na daraja la Kirumi juu ya Mto Mara liko karibu na usawa wa Ziwa Victoria, ambalo kimo chake ni mita 1,134 tu. Alichokipanda mtu kwa jasho kitamteremsha bila kumwuliza. Na breki za fito zina kasoro isiyoondoka: mpira wake hushika ukingo wa chuma, nao ukingo wa chuma ukilowa mvua huteleza sana. Mpandaji aliyezoea kusimama kwa hatua tatu hukuta hatua kumi zimekwisha naye bado anakwenda.

"Lakini ile ya nyuma bado inashika," akasema mzee.

"Ya nyuma peke yake haitoshi. Ukishika breki, uzito wako wote hukimbilia mbele, na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, huburuta tu. Ya mbele ndiyo isimamishayo."

Keria ikawekwa kando. Fundi akatoa mipira ya breki iliyokwisha akafunga mipya, ya mbele na ya nyuma, akanyosha fito moja iliyopinda, akakaza kila nati. Halafu akachota maji katika ndoo aliyotumia kutafutia tundu za mipira, akazimwagia kingo za magurudumu yote mawili, akamwambia mzee ateremke mpaka kwenye mwembe na kusimama.

Mzee akateremka, akaupita mwembe kwa hatua nne.

"Rudi, mzee," akasema fundi, akashika tena spana.