Tuulize Pia: Unafanya Kazi Gani?



Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa yanayowapata watu kwa sababu ya kazi zao: wachimba madini, wafinyanzi, wapaka rangi, wafua nguo. Aliwashauri madaktari wenzake wasiishie kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini. Waongeze swali moja: unafanya kazi gani?

Swali hilo lingemfaa shangazi yangu. Kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa msimu katika kiwanda cha kukoboa kahawa, akimimina magunia katikati ya vumbi, kinga yake ikiwa ni kipande cha kanga. Kikohozi kilipomkaa alipimwa makohozi mara tatu. Kifua kikuu hakikuonekana. Akapewa dawa, akarudi kazini. Kwenye kadi yake ya kliniki zimeandikwa uzito na dawa. Kazi yake haikuandikwa popote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, wamefanya utafiti katika viwanda vya kahawa vya nchi yetu. Waliwavisha wafanyakazi vifaa vidogo vya kunasa vumbi wanalolivuta. Walikuta vumbi hilo hubeba endotoksini, yaani sumu itokanayo na bakteria, na kwamba dalili za kifua huwasumbua wafanyakazi hao kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Utafiti huo umewezeshwa na fedha za Norwei. Tunashukuru, lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtu atasema: parokia haijamaliza hata paa, tutachangiaje utafiti? Nami namjibu: tayari tunalipia kutojua. Jumuiya yetu ndogo ndogo imemchangia shangazi nauli na dawa zaidi ya mara moja, na itaendelea kuwachangia wengine wa kiwandani. Tena, tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Kidole kikikatwa na mashine, kila mtu anaona. Vumbi la miaka kumi nani atalitolea ushahidi? Fidia hutaka kuthibitisha kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na uthibitisho huo hutoka kwa watafiti.

Mama Kanisa hakulinyamazia jambo hili. Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anayataja mazingira ya kazi yasiyodhuru afya kuwa ni haki ya mfanyakazi. Haki hailindwi kwa mahubiri peke yake.

Nina mapendekezo mawili. Kwanza, zahanati na hospitali za majimbo yetu ziandike kazi ya kila mgonjwa kwenye faili lake. Gharama yake ni wino tu, na kumbukumbu hizo zitakuwa msingi wa utafiti kesho. Nasi mafrateri tunapowatembelea wagonjwa, tuwaulize swali hilohilo. Pili, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955, parokia za jimbo zitenge sehemu ya sadaka kumsomesha kijana mmoja katika chuo kikuu cha Kanisa pale Bugando, Mwanza, atafiti afya za wafanyakazi wetu. Sharti liwe moja: matokeo wasomewe wafanyakazi wenyewe, kwa Kiswahili, hata kama yatamuudhi mwenye kiwanda.

Utafiti hautamrudishia shangazi pumzi zake. Lakini binti yake ameajiriwa kiwandani humo msimu huu, na mapafu yake bado ni mazima.