KURA KWA KISWAHILI, USHURU KWA KIINGEREZA

Yeyote aliyewahi kuhudhuria sherehe za sikukuu ya kitaifa humu nchini, au kuzifuatilia redioni, anaujua vyema utaratibu wake. Rais husimama, akafungua jalada lake na kuanza kuisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza. Humo ndimo zilimo sera: mikopo, miradi, asilimia za ukuaji wa uchumi, miswada itakayopelekwa Bungeni. Umati uliorauka alfajiri ili upate nafasi uwanjani hunyamaza, wengine wakasinzia juani. Kisha jalada hufungwa, kiongozi akakohoa kidogo, akawageukia Wakenya wenzake kwa Kiswahili, na uwanja mzima ukaamka. Na Kiswahili hicho huwa cha nini? Aghalabu huwa cha mzaha, cha vijembe kwa wapinzani, cha kuonya na cha kuahidi. Ndivyo mambo yalivyokuwa enzi ya Moi, ndivyo yalivyokuwa chini ya Kibaki, ambaye Kiswahili chake cha papo kwa papo kilisubiriwa kwa hamu kuliko hotuba zake zilizoandikwa, na hadi leo hayajabadilika sana.

Kama mwanafunzi wa Kiswahili, kwa muda mrefu niliuona utaratibu huu kuwa mfano mzuri wa kubadili msimbo, wa kunukuliwa katika insha ya isimujamii. Siku hizi unanikera kama raia. Nimefikia kuamini kwamba manung'uniko mengi ya mwananchi wa kawaida dhidi ya serikali yake, yawe ya ushuru, ya bima ya afya au ya karo, yana mzizi mmoja ambao wachanganuzi wetu wa siasa hawaugusi. Serikali za Kenya huomba kwa lugha moja na kutoza kwa nyingine.

Tazama kaulimbiu za kampeni. Mwaka 2007 tuliambiwa Kazi Iendelee. Mwaka 2017 ilikuwa Tuko Pamoja. Mwaka 2022 upande mmoja ulinadi Kazi ni Kazi na wa pili ukajibu kwa Inawezekana. Hakuna anayepanda juu ya gari kule Gikomba au Kondele akaomba kura kwa lugha ya nyaraka za Hazina ya Kitaifa. Mwombaji kura anajua kwamba mchuuzi, bodaboda na kibarua wa kiwandani ndio wengi, na kwamba Kiswahili ndicho kinachowafikia wote pasi na kumwuliza mtu kabila lake. Kura zikishahesabiwa, hata hivyo, lugha hiyo huwekwa kabatini pamoja na fulana na kofia za chama. Bajeti husomwa kwa Kiingereza. Mswada wa Fedha huchapishwa kwa Kiingereza. Hata ile hati ya mshahara anayoletewa kaka yangu mwalimu mwisho wa mwezi ni safu ya vifupisho vya Kiingereza, kila kimoja kikiwa na kiasi kilichokatwa. Humo mna asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, mna asilimia 2.75 ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani mnamo Oktoba 2024. Yeye ni mtu aliyesoma, na bado huniuliza kila kifupisho kinakula nini.

Jambo hili halikuzuka jana. Mnamo Julai 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumiwe katika mijadala ya Bunge, na wabunge waliozoea kusema “Mheshimiwa Spika” kwa lugha ya Malkia wakajikuta wakibabaika. Hatimaye katiba ya wakati ule iliruhusu lugha zote mbili katika mjadala na kumtaka mgombea wa ubunge azimudu zote mbili. Lakini katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 53, ilisema kwamba miswada, sheria na maazimio ya fedha yaandikwe kwa Kiingereza. Nimekisoma kifungu hicho mara kadhaa, na sijaacha kuustaajabia uwazi wake. Kiswahili kiliruhusiwa kupiga kelele, Kiingereza kikabaki na kalamu.

Katiba ya mwaka 2010 iliondoa kizuizi hicho. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara ya 120 inaziweka lugha hizo, pamoja na Lugha Ishara ya Kenya, kuwa lugha rasmi za Bunge. Juu ya hayo, ibara ya 10 imetaja ushirikishwaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa, na ibara ya 118 imelitaka Bunge kuufanikisha ushirikishwaji huo. Mtu angedhani mambo haya mawili yangekutana: kwamba ukimtaka raia ashiriki, basi utasema naye kwa lugha anayoielewa. Hayajakutana bado.

Naomba nitoe mfano wa jambo nililolishuhudia. Mwaka 2023 nilimsindikiza shangazi yangu, anayeuza omena na nyanya, hadi kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha wa kaunti moja ambayo sitaitaja. Kikao kilifanyiwa katika ukumbi wa kanisa. Mlangoni palikuwa na meza yenye daftari la mahudhurio. Kila aliyeingia aliandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, akatia sahihi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Kisha maofisa watatu walikuja mbele, wakafungua kwa sala, wakaanza kupitia jedwali la ada, ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kiingereza cha kasi. Mzee mmoja aliinua mkono akaomba kwa upole maneno yale yaelezwe kwa Kiswahili. Akajibiwa, kwa upole vilevile, kwamba muda ulikuwa mfupi, ila yeyote mwenye maoni angeweza kuyaandika na kuyawasilisha. Yule mzee aliketi. Hakuulizwa angeandika kwa lugha gani. Soda ziligawiwa.

Tulipotoka nje shangazi aliniuliza, “Mwanangu, ule ushuru wa soko wamesema unapanda au unashuka?”

“Wanataka upande, shangazi. Kutoka shilingi thelathini hadi hamsini kwa siku.”

Alitembea hatua kadhaa bila kusema neno. “Basi,” akasema, “pale mlangoni nilipotia sahihi ndipo nilipokubali?”

Swali hilo ni zito kuliko alivyodhani shangazi mwenyewe. Orodha ya majina hupigwa chapa, ikaambatishwa kwenye ripoti, na ripoti ikawa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Kufika kwake kulihesabiwa, kutoelewa kwake hakukuwa na safu ya kujazwa. Shangazi analipa ada hiyo kila siku ya Mungu, mvua inyeshe au jua liwake, auze asiuze. Si mtu wa kukataa kulipa. Anachokidai ni kuambiwa.

Tukirudi kwenye siasa za kitaifa, matukio ya mwaka 2024 yalionyesha kinachotokea raia anapoambiwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza mkate utozwe ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16, mafuta ya kupikia ya mimea yaongezewe ushuru wa bidhaa, na wenye magari watozwe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Yaliyomo yangeweza kupita kimyakimya kama ya miaka mingine. Lakini vijana walichukua simu zao, wakaufasiri mswada huo kwa Kiswahili, kwa lugha za mama na kwa lugha ishara, wakausambaza mitandaoni. Hawakusubiri istilahi zisanifiwe. Palipokosekana neno, walieleza kwa mfano wa chapati. Mama aliyekuwa akiisikia bajeti kama mvumo wa mbali sasa alijua ni mkate upi uliokuwa ukizungumziwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mnamo Juni 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hangetia sahihi mswada ule. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha katika maandamano ya majuma yale, wengi wao wakiwa wa rika la wanaolisoma jarida hili. Siwezi kuandika kwa wepesi kuhusu jambo hilo, wala sidai kwamba tafsiri ndiyo iliyowatoa watu nyumbani. Njaa, ukosefu wa kazi na ufujaji vilikuwapo kabla yake. Ninachosema ni kwamba hasira ya mwaka huo ilikuwa na kurasa na vifungu. Kijana wa barabarani aliweza kukuambia anapinga kipi na kwa nini. Hali hiyo ni tofauti sana na maandamano ya kufuata mtu wa kabila lako.

Na kuelewa peke yake hakutoshi, ingawa sisi watu wa lugha hupenda kuamini hivyo. Mnamo Desemba 2024 sheria ya kurekebisha kodi ilirejesha baadhi ya mambo yaliyokuwa yamekataliwa Juni. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ile iliyopandisha ushuru wa thamani ya ziada wa mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mnamo Julai 31, 2024, ikahuishwa na Mahakama ya Juu Oktoba 29 mwaka huo huo. Miongoni mwa yaliyobishaniwa ni kama umma ulishirikishwa ipasavyo. Mlipa ushuru wa petroli na nauli aliufuatilia mvutano huo kupitia redio, akipewa vipande vilivyofasiriwa na mwanahabari aliyekuwa akikimbizana na saa ya taarifa. Iwapo kuna tafsiri muhimu kuliko zote humu nchini, basi ni hiyo ifanywayo kwa dakika kumi na mtu ambaye hakufunzwa sheria, na ambaye hakuna anayemshukuru.

Najua jibu linalotolewa kila tunapoyasema haya. Tunaambiwa Kiswahili hakina istilahi za uchumi na sheria. Waama, hoja hiyo imechoka. Ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, Waziri wa Fedha husoma bajeti ya taifa zima kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jibu la pili lina uzito zaidi: kwamba wapo Wakenya, hususan wazee wa mashambani, wasiokijua Kiswahili chenyewe. Ni kweli. Lakini asiyejua Kiswahili huwa ana mjukuu au jirani anayekijua, ilhali Kiingereza cha mswada humshinda hata mjukuu aliyemaliza kidato cha nne.

Jibu la tatu halitamkwi, nami naliona ndilo lenye ukweli. Kiingereza kinamfaa mtawala. Mambo yasiyoeleweka hayaulizwi maswali. Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu tangu mwaka 2023 hutiwa katika mojawapo ya makundi ya ufadhili kulingana na jinsi familia yake ilivyopimwa uwezo wake wa kifedha. Mzazi ambaye mapato yake ndiyo yanayopimwa mara nyingi hana habari ya maswali aliyojibiwa. Mkulima anayejisajili kwa bima mpya ya afya hupimwa vivyo hivyo, akaambiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka mzima. Akipinga, atapinga nini, na kwa maneno ya nani?

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, viongozi wetu huvaa vitenge, wakasifu lugha ya umoja wa Waafrika, wakapigwa picha. Sherehe ni njema, sina kinyongo nayo. Ila tarehe hiyo ina kejeli yake: mwaka mpya wa fedha wa serikali huwa umeanza Julai 1, siku sita tu kabla ya sherehe, na ushuru mpya ukiwepo huwa tayari umeanza kutozwa, kwa Kiingereza.

Kisheria, makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na mambo yote hukamilishwa mwisho wa Juni. Katikati pana miezi miwili. Muda huo unatosha kuufasiri mswada, au angalau kuandaa muhtasari wa kurasa kumi unaosema ni nini kinapanda, kwa kiasi gani na kuanzia lini, ukabandikwa sokoni na katika ofisi ya chifu kabla ya daftari la mahudhurio kufunguliwa. Haihitaji baraza jipya wala ziara ya mafunzo ng'ambo. Idara za Kiswahili zimejaa katika vyuo vikuu vyetu, na kila muhula wanafunzi wa kozi ya tafsiri huzunguka maktaba wakitafuta matini ya kufanyia zoezi.