Minova: bidoni kwanza, mpira baadaye

Katika mji mdogo wa Minova, kando ya Ziwa Kivu, mama mmoja muuza sambaza ameanzisha timu ya mpira ya wasichana. Siku ya kwanza wenyeji walipasiana wao kwa wao, na wakimbizi vilevile. Akawachanganya. Kisha baba mmoja mkimbizi akamkataza binti yake, akiuliza maji atachota nani. Mama hakubishana. Alipanga wasichana wote wachote maji pamoja kwanza, mazoezi yafuate saa kumi.

Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walitwaa kombe la vilabu vya Afrika. Hapa Minova mpira ni mmoja tu, nao umeshonwa mara mbili.

Juzi yule baba alifika kiwanjani. Hakusema kitu. Alikaa karibu na bidoni, akazilinda mpaka mchezo ukaisha.