Ujira wa Dubai na Mikorosho ya Msikiti

Ilikuwa usiku wa mwezi wa Februari, baada ya swala ya Isha. Tulikuwa tumeketi nyumbani kwetu Chiwata na daftari la msikiti, tukifunga hesabu za msimu wa korosho, huku watoto wakitazama tenisi ya wanawake kutoka Dubai. Bintiyetu wa darasa la tano akauliza: "Baba, hawa wanalipwa sawa na wanaume?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulitafuta, tukakuta kwamba wanawake walianza kushindana huko, kwenye uwanja wa sakafu ngumu, mwaka 2001, na bingwa wa kwanza alikuwa Martina Hingis wa Uswisi. Kila Februari wanawake hutangulia wiki moja, kisha wanaume hufuata. Mwaka 2005 waandaaji walisawazisha zawadi za fedha kwa pande zote mbili. Wimbledon, mashindano makongwe kuliko yote ya tenisi, yalifanya hivyo mwaka 2007. Mji wa Waislamu uliitangulia London.

Mavazi ya uwanjani hatuyatetei. Mipaka ya sitara inajulikana. Lakini swali la mtoto halikuhusu nguo. Lilihusu ujira, na jibu la Chiwata lilikuwa mapajani mwetu.

Msikiti wetu una shamba la wakfu la mikorosho. Kila msimu kamati huajiri vibarua wa kupalilia na kuokota. Kwa siku, mwanamume aliandikiwa shilingi 6,000, mwanamke 4,000. Wote huingia shambani baada ya Alfajiri na kutoka Adhuhuri. Mwandiko ule ni wetu wenyewe, misimu mitatu mfululizo.

Tulilipeleka suala hilo kikaoni. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema kuwa mwanamume ndiye mwenye jukumu la matumizi ya nyumba, na hata katika mirathi fungu lake ni kubwa. Tukamjibu kwa adabu kwamba mafungu ya mirathi yamepangwa na Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ndani ya Qur'an, ilhali ujira ni thamani ya kazi iliyofanywa. Mtume (s.a.w.) alipotuamrisha kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, hakubagua jasho la nani. Aidha, miongoni mwa vibarua wetu wamo wajane wanaolisha watoto peke yao.

Kamati ikaafiki: kuanzia msimu ujao, siku moja ya kazi itakuwa na bei moja. Kuhusu kilichopunjwa misimu iliyopita, hatujakubaliana. Baadhi yetu wanasema yaliyopita yamepita. Sisi tunaona ni deni.

Tulipowapelekea wanawake habari ile, tulitarajia furaha. Mama mmoja mtu mzima alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Ustadhi, miaka yote hii sisi tulidhani ndivyo dini inavyosema."

Maneno hayo yametuuma kuliko hesabu yenyewe. Dhuluma yetu ilikuwa imevaa kanzu, na waliodhulumiwa wakaiheshimu.

Ndugu wasomaji wenye mashamba, maduka na madrasa, yafungueni madaftari yenu leo, kabla hayajafunguliwa Siku ya Kiyama. Sisi orodha ya deni letu tumekwisha kuiandika, jina kwa jina. Tunaomba dua zenu, kikao kijacho kiipitishe, inshaallah.